Sifuri Isiyotunzwa: DHIS2 Mbele ya Wakala wa Akili Mnemba

Katika juhudi za kuiunganisha DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Tanzania Bara ilikuwa imeusambaza nchi nzima kufikia 2013, na mawakala wa akili mnemba, yaani programu zinazojichagulia zana ya kutumia ili kumjibu mtu aliyeuliza kwa lugha ya kawaida, hakuna uamuzi mbaya kama ule wa kuliacha onyo kuhusu sifuri mahali ambapo wakala hatalisoma kamwe.

Wanaoutumia mfumo huo wanaujua utaratibu wenyewe: sifuri iliyoandikwa na karani haitunzwi, isipokuwa pale msimamizi alipotia tiki kwamba sifuri ya kipengele hicho cha data ina maana. Mpangilio huo, unaofuatwa pale ambapo hakuna aliyeamua vinginevyo, haukukosa sababu, kwani fomu ya mwezi ina visanduku vingi, umri kwa umri na jinsia kwa jinsia, vingi kati ya hivyo ni sifuri, na kuvitunza vyote hujaza hifadhi bure. Ofisa wa takwimu wa wilaya hakusumbuka sana, maana aliijua zahanati isiyoleta fomu, na alipotia shaka alipiga simu. Wakala hana wa kumpigia simu, na anachokijua kuhusu zana ni kile tu kilichoandikwa katika maelezo ya zana hiyo.

Onyo lenyewe limewekwa katika sura ya kusanidi vipengele vya data, inayosomwa na wasimamizi, ilhali mwandishi wa maelezo ya zana husoma sura ya maulizo ya uchambuzi, akanakili vigezo vitatu, yaani dx kwa kinachohesabiwa, pe kwa kipindi na ou kwa mahali, kisha akafunga kazi kwa sentensi moja kwamba zana hii hurejesha takwimu za afya. Sentensi hiyo si ya uongo, na ndiyo maana inaponza, kwa sababu hifadhidata haikuletei mstari mtupu: mwezi usio na thamani haumo katika jibu, wala hakuna alama ya kuonyesha kwamba umekosekana. Ichukuliwe zahanati moja ya kufikirika katika mwambao wa Bagamoyo, ambayo kwa mwaka mzima ina wagonjwa 240 wa malaria walio chini ya miaka mitano, na jibu lina mistari 8 tu. Wakala atagawanya kwa 8 na kutangaza wastani wa wagonjwa 30 kwa mwezi. Ikiwa miezi minne iliyobaki ilikuwa sifuri za kweli, wastani ni 20. Ikiwa miwili ilikuwa sifuri na miwili fomu hazikufika, miezi yenye taarifa ni 10 na wastani wake ni 24. Hesabu zote tatu ni sahihi kama hesabu, na hakuna chochote katika jibu kinachoonyesha ipi inalingana na yaliyotokea. Mbegani, huko huko Bagamoyo penye chuo cha uvuvi, hakuna haja ya kumfundisha mtu kwamba ngalawa iliyorudi tupu na ngalawa ambayo haikutoka haziandikwi sawa katika daftari la mavuno.

Itifaki ya Model Context Protocol, ambayo kwayo mawakala huunganishwa na zana na iliyotangazwa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, imepanga vizuri jina la zana, maelezo yake na muundo wa vigezo vyake, na hapo hapana la kulaumu; kasoro iko katika yale ambayo mwandishi hakuyaandika ndani ya maelezo hayo.

Wakongwe waliiona mapema haja ya kutofautisha sifuri na kinachokosekana, na ya kuonya palipo na kasoro. E. F. Codd, aliyeasisi nadharia ya hifadhidata za uhusiano mwaka 1970 akiwa IBM, aliweka katika kanuni zake za 1985 sharti kwamba taarifa inayokosekana ishughulikiwe kwa utaratibu na isichanganywe na sifuri. Mwongozo wa kwanza wa Unix, wa 1971, ulitenga sehemu ya kutaja kasoro za kila amri, adabu ambayo waandishi wengi wa miongozo wa leo, wanaopenda kusifu kuliko kuonya, wameitupa.

Maelezo yanayofaa yangetamka kwamba mstari unaokosekana si sifuri, na kwamba kabla ya kukokotoa wastani wakala aulize kwanza kiwango cha utoaji taarifa cha fomu husika kwa kipindi kilekile, jambo linalowezekana kwa kuongeza REPORTING_RATE baada ya utambulisho wa fomu. Sentensi nyingine ingehitajika papo hapo, kwa kuwa kiwango hicho hutokana na kitufe cha kukamilisha fomu, na karani aliyejaza kila kitu akasahau kukibonyeza huhesabiwa kama ambaye hakuleta taarifa. Hata wizara ikiamua leo kutia tiki kwa kila kipengele, sifuri za miaka iliyopita hazitarudi, kwani hazikuwahi kuingia. Kwa hiyo maelezo ya zana yatalazimika kutaja, kwa kila kipengele, tarehe ambayo sifuri zake zilianza kutunzwa.