Sasa na Zamani: Ushahidi wa Kitenzi

Maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, yalipata sifa ulimwenguni kwa kitabu cha John Mbiti, African Religions and Philosophy, kilichochapishwa mwaka 1969. Mbiti, Mkamba aliyekuwa akifundisha Makerere siku hizo, alishikilia kuwa wakati kwa Mwafrika wa jadi una pande mbili: zamani ndefu ambamo mambo yote huzama, na sasa iliyo hai ambamo mtu huishi. Wakati ujao haupo, isipokuwa kipande kifupi kisichozidi miaka 2, nacho kimekwisha kumezwa na sasa. Dai hili limerudiwa madarasani hata likawa kama kanuni, na ni rahisi mno kuligeuza shutuma: kwamba watu hawa hawaweki akiba kwa kuwa hawana kesho. Kwa hiyo si ubishi wa wanazuoni peke yao.

Ushahidi wa Mbiti ulitoka katika njeo za Kikamba na Kikikuyu. Majina ya nadharia yakatoka katika Kiswahili. Kiswahili kiliazimwa majina bila kuulizwa ushahidi, na kingaliulizwa kingalisema mengine.

Zamani, neno lenye asili ya Kiarabu, si kaburi la yaliyopita tu. Husemwa "zamani hizi" kwa maana ya siku zilizopo. Sasa nayo haikai mahali pamoja: "ametoka sasa hivi" hutazama nyuma, "atatoka sasa hivi" hutazama mbele, na mtamba ngano husema "sasa Sungura akakimbia" juu ya jambo la kale. Ni neno la kuelekeza kidole, wala si chumba cha kuwekea matukio. Mbiti apewe haki yake: alieleza kuwa pande zake mbili huingiliana. Hata hivyo aliendelea kuzitumia kama vyumba.

Utajiri wenyewe umo katika kitenzi. Anayeingiza mkono katika kanzu "anavaa". Aliyekwisha kuingia ndani yake "amevaa". Amelala, amesimama, amechoka: tendo limekwisha, hali imebaki, na hali hiyo ndiyo sasa. Agostino, katika kitabu cha 11 cha Maungamo yake, alitaabishwa na wazo kwamba wakati uliopo hauna urefu, maana ukiwa na urefu hugawanyika papo hapo kuwa uliopita na ujao. Kiswahili hakilifumbui fumbo hilo, lakini kiambishi -me- humwezesha msemaji kuitaja sasa yenye unene, iliyobeba tendo lililoizaa.

La ajabu zaidi ni -ja-. "Hakufika" hufunga mlango. "Hajafika" huuacha wazi. Mkulima asemaye "mvua haijanyesha" anaeleza hali ya leo, lakini anaieleza kwa kuipima na jambo linalongojewa. Lijalo halikuongezwa pembeni mwa sasa. Limo ndani yake, nalo ndilo linaloipa sura. Wala kungoja huko hakukuwekewa mpaka wa miaka 2, kwani muumini husema pia kwamba Kiyama hakijaja.

Hapo Mbiti angeweza kujibu kuwa Kiyama kililetwa na dini zilizotoka nje, na kwamba Kiswahili ni lugha ya pwani iliyoishi na Uislamu karne nyingi. Jibu hilo lina uzito. Lakini likikubaliwa, kwa nini basi lugha hiyohiyo iliombwa majina ya nadharia inayodaiwa kuwa ya Afrika nzima? Na Kikamba chenyewe hakimsaidii kama ilivyodhaniwa: jedwali lake linaonyesha njeo 3 za mambo yajayo. Lugha isiyojali mbele haingejisumbua kuigawa hivyo. (Kiswahili nacho, kwa siku za karibu, kina kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, ilhali nyuma kina jana na juzi.)

Kwame Gyekye, katika kitabu chake cha mwaka 1987, alilikataa dai hilo kwa ushahidi wa Kiakani. Tahadhari moja inawapasa wapinzani wote wa Mbiti. Sarufi si falsafa: kuwa na -ta- hakuthibitishi kwamba msemaji ana nadharia ya wakati ujao, kama vile kuikosa kusivyothibitisha kwamba hana. Kitenzi huonyesha yale ambayo msemaji hulazimika kuyatofautisha kila afunguapo kinywa. Anayeyafikiri juu ya hayo hutafutwa kwingine, katika tenzi, katika mahesabu ya wakulima na manahodha, na katika maneno ya wazee wenyewe, ambao katika mjadala huu wamesikika kwa nadra.