Sitara Inapogeuka Siri: Maisha ya Familia Ugenini katika Riwaya Tatu za Abdulrazak Gurnah

Utangulizi

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na mjadala kuhusu riwaya zake umejikita zaidi katika ukoloni, ukimbizi na ubaguzi wa rangi. Masuala hayo yamo katika kazi zake. Hata hivyo, hayatoshi kueleza kwa nini wahusika waliokwisha kupata kazi, nyumba na watoto nchini Uingereza wanaendelea kuwa wageni mbele ya watu wanaokula nao meza moja. Uhakiki huu unalichunguza swali hilo katika Admiring Silence (1996), The Last Gift (2011) na Gravel Heart (2017). Hoja yake ni kwamba dhana ya sitara, kama inavyofahamika katika mwambao wa Waswahili, inaufafanua ukimya wa wahusika hao vizuri zaidi kuliko dhana ya jeraha la nafsi inayotumiwa mara kwa mara.

Sitara na siri

Katika maadili ya mwambao, kumsitiri mtu ni kumhifadhia heshima yake. Sitara hutegemea watu wengi: jirani anajua, shangazi anajua, na wote wanakubaliana kutosema hadharani. Siri, kwa upande wake, hushikwa na mtu mmoja dhidi ya wengine. Tofauti hii ndiyo msingi wa uchambuzi unaofuata, kwa kuwa mhamiaji husafiri na tabia ya kusitiri lakini huwaacha nyuma wale waliokuwa wakisitiri pamoja naye.

Abbas katika The Last Gift ni mfano ulio wazi. Alikuwa baharia, kisha akatulia Norwich na mkewe Maryam, wakapata watoto wawili, Hanna na Jamal. Kwa kipimo cha kazi na makazi, amekwisha kuzoea. Lakini hajawahi kuwaeleza kwamba alimwacha mke mjamzito Zanzibar akiwa kijana. Anapopatwa na kiharusi, anapoteza uwezo wa kusema, na ndipo haja ya kusema inapomzidi nguvu. Methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua inatimia hapa kwa namna ya pekee: maradhi yenyewe ndiyo yanayofichua kilichofichwa. Abbas anaishia kukikabidhi kinasa sauti habari ambazo angeweza kuzisimulia mezani kwa miaka mingi.

Gharama ya ukimya huo inalipwa na wengine. Hanna anajiita Anna. Jamal anasomea uhamiaji chuo kikuu, kana kwamba anatafuta maktabani jibu lililokuwa sebuleni kwao. Maryam, mtoto aliyeokotwa Exeter na kulelewa na watu wasio wazazi wake, hana asili anayoijua; mumewe anayo na anamnyima. Kwa kumpa Maryam historia yake mwenyewe ya kusimulia, Gurnah anaonyesha kwamba ugeni si mali ya mhamiaji peke yake.

Hadithi badala ya ukweli

Katika Admiring Silence, msimulizi asiye na jina hanyamazi, anasema sana. Anamtungia Emma, mwenzi wake Mwingereza, familia ya Zanzibar isiyolingana na ile aliyoiacha, na kwao nako hasemi lolote kuhusu Emma na binti yao Amelia. Anaporudi Zanzibar, anakuta jamaa wanamtafutia mchumba, na uongo wa pande mbili unagongana. Hatimaye Emma anamwacha. Ni vigumu kumwona msimulizi huyu kama mhanga tu. Hadithi zake zilimpa nafasi katika nyumba ya ugenini, na hizohizo zikaibomoa nyumba hiyo.

Hapa pana udhaifu wa riwaya. Emma anaonekana kupitia macho ya mwanamume anayekiri kwamba husema uongo, hivyo msomaji hana njia ya kupima madai yake dhidi ya mwanamke huyo. Ikisomwa baada yake, The Last Gift ni kama marekebisho: msimulizi wa Admiring Silence ni mtoto aliyeachwa na baba kabla ya kuzaliwa, ilhali Abbas ni baba aliyeacha, na safari hii mke na watoto nao wanapewa nafasi ya kufikiri na kuhukumu.

Ukimya uliotoka nyumbani

Gravel Heart inaitia hoja hii katika mtihani. Salim anapokwenda London kuishi kwa mjomba wake Amir, tayari ametoka katika nyumba yenye ukimya. Baba yake, Masud, alihama na kwenda kuishi chumba cha nyuma ya duka, na mtoto alikuwa akimpelekea chakula bila kuelezwa sababu. Watu wazima walijua, mtoto hakujua. Kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwamba ugeni ndio unaozaa siri. Sitara ilikwisha kuharibika Zanzibar, pale ilipomwacha nje mtu aliyeathirika zaidi. London inaongeza umbali tu, hadi Salim anamwandikia mama yake barua asizozituma.

Hitimisho

Riwaya hizi tatu zinaonyesha kwamba kuzoea nchi na kuzoeana nyumbani ni mambo mawili tofauti, na kwamba la kwanza linaweza kukamilika huku la pili halijaanza. Kusitiri kunabaki kuwa adili maadamu wanaoishi pamoja wanajua kinachositiriwa. Wahakiki wanaousoma ukimya wa wahusika wa Gurnah kama alama ya maumivu pekee huwaondolea wahusika hao wajibu wao. Msamiati wa mwambao wenyewe unawarudishia wajibu huo, kwa kumuuliza kila anayenyamaza: anamsitiri nani, na anamficha nani?