Mashine ya duaradufu: njia ya wayo kwanza, vyuma baadaye

Mtu anayeendesha baiskeli akiwa amekaa, kiti humbebea sehemu kubwa ya uzito wake. Akisimama, uzito wote huhamia miguuni, na hapo hesabu hubadilika. Kranki ya baiskeli ya kawaida ina urefu wa sentimita 17 hivi, kwa hiyo wayo hupanda na kushuka sentimita 34 katika kila mzunguko. Hicho ni kimo cha vidato viwili vya ngazi kwa mkupuo mmoja. Goti hujikunja sana, kisha hutakiwa linyooke likiwa limebeba mwili mzima. Barabarani mwendeshaji hujisaidia kwa kuilaza baiskeli kushoto na kulia. Mashine iliyowekwa sakafuni hailali, hivyo mwili ndio unaoyumba.

Ndiyo maana kutengeneza mashine ya kukanyaga pedali kwa kusimama si suala la kuondoa kiti na kuinua usukani. Lazima njia yenyewe anayopita wayo ibadilike. Waliolielewa jambo hilo ndio walioipa dunia mashine ya duaradufu, ambayo leo ni vigumu kuikosa katika jimu kubwa, na inafaa tuchambue jinsi walivyoifanya kazi hiyo.

Mashine za kusimama zilikuwapo kabla yake. Mwaka 1975, huko Minnesota, Marekani, Edward Pauls alibuni mashine ya kuiga mwendo wa kuteleza kwenye theluji, iliyokuja kujulikana kwa jina la NordicTrack. Miaka ya 1980 zikaenea mashine za kupanda ngazi zenye pedali mbili za kushuka na kupanda. Zote zilifanyisha watu kazi ya kweli, lakini zilikuwa na dosari moja ya pamoja: wayo ulikwenda upande mmoja, ukasimama, kisha ukarudi ulikotoka. Mguu wa mtu anayekimbia hauendi hivyo. Unapita juu ukienda mbele na chini ukirudi nyuma, na hauzifuati nyayo zake mwenyewe.

Larry Miller, mhandisi wa General Motors, alianza na tofauti hiyo hasa. Inasimuliwa kwamba alimrekodi binti yake kwa video akikimbia kando ya gari lililokuwa likienda sambamba naye, kisha akaufuatilia mwendo wa mguu wake kwenye picha hizo. Kwa kuwa kamera ilisafiri pamoja na mkimbiaji, safari ya kwenda mbele iliondoka kwenye picha, kikabaki kile tu ambacho mguu unakifanya kuhusiana na mwili. Umbo lililojitokeza lilikuwa duaradufu. Hataza yake ya Marekani namba 5,242,343 ilitolewa mwaka 1993, na mwaka 1995 kampuni ya Precor ya jimbo la Washington ikaingiza sokoni mashine ya EFX iliyojengwa juu ya wazo hilo.

Kuijua njia ni jambo moja, na kukifanya chuma kiifuate ni jingine. Mtu angeweza kuchonga reli yenye umbo la duaradufu na kuipitisha pedali humo, lakini reli ya namna hiyo ingekuwa ghali, yenye kelele na ya kuchakaa upesi. Miller alichukua vitu viwili ambavyo kila fundi anavijua, yaani duara na mstari ulionyooka. Nondo ndefu inayobeba pedali imeunganishwa na kranki kwa upande mmoja, hivyo ncha hiyo inazunguka. Ncha ya pili ina kigurudumu kinachokwenda na kurudi juu ya reli. Wayo uko mahali fulani katikati ya ncha hizo mbili, basi hupata sehemu ya mwendo wa kila upande.

Tuweke namba. Chukua kranki ya sentimita 20 na nondo ya sentimita 120, na reli iwe ya mlalo. Ncha ya kranki hupanda na kushuka sentimita 40, na huenda mbele na nyuma sentimita 40. Ncha ya kigurudumu huenda mbele na nyuma sentimita hizo hizo 40, lakini haipandi hata kidogo. Pedali ikifungwa katikati kabisa ya nondo, itasafiri takriban sentimita 40 kwa mlalo na 20 tu kwa wima. Ukiisogeza kuelekea kigurudumu, njia hulala zaidi. Ukiisogeza kuelekea kranki, hukaribia duara. Tundu moja la skrubu linaamua kama mtumiaji atahisi anatembea au anapanda. Na zile sentimita 34 za baiskeli sasa ni 20, karibu na kidato kimoja cha ngazi, hali hatua imerefuka. Goti limepunguziwa mzigo bila kunyimwa kazi.

Kuna faida nyingine iliyokuja katika muundo huo huo. Katika EFX kranki ziko nyuma ya mtumiaji na kigurudumu kiko mbele. Kranki inapopanda huinua sehemu ya nyuma ya nondo, na kisigino huinuka pamoja nayo. Kwa vipimo tulivyovitaja, nondo huinama hadi karibu nyuzi 10 kila upande. Mtu anapotembea, kisigino ndicho kinachoanza kuachana na ardhi. Hapa kinainuka bila springi wala bawaba ya ziada.

Reli nayo ikainuliwa. Tuseme imepandishwa nyuzi 20: kigurudumu hupanda takriban sentimita 14 katika mwendo wake wote, na wayo ulio katikati hupata 7. Duaradufu yote huinama, upande wa mbele ukawa juu, na misuli ya makalio huongezewa kazi. Precor waliweka mota ya kubadili mwinamo huo, na mashine moja ikaweza kutoa mazoezi ya aina kadhaa kwa kugeuza pembe ya reli peke yake.

Linabaki tatizo la zamani la kila kranki. Wayo ukiwa juu kabisa au chini kabisa ya njia yake, unasafiri kwa mlalo, na uzito wa mwili unaosukuma chini hauzungushi chochote. Kwa kuwa miguu yote miwili hufika huko kwa wakati mmoja, mashine isiyo na akiba ya mwendo ingekwama mara mbili katika kila mzunguko. Akiba hiyo hutunzwa na gurudumu zito ambalo mafundi wa magari huliita flaiwili. Diski ya kilo 7 yenye kipenyo cha sentimita 30, ikizungushwa kwa mkanda mara 8 ya kasi ya kranki, huhifadhi karibu jouli 100 pale mtumiaji anapokanyaga mizunguko 60 kwa dakika. Anayefanya kazi ya wati 100 kwa mwendo huo huzalisha jouli 100 katika kila mzunguko, kwa hiyo flaiwili ina akiba ya mzunguko mzima. Ikitoa jouli 20 kuvuka sehemu hiyo ya juu au chini, kasi hushuka kwa takriban asilimia 10 tu. Na kwa kuwa nishati hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, kuzidisha mwendo wa diski mara mbili kunalipa kuliko kuzidisha uzito wake mara mbili. Mnunuzi anayeulizia kilo za flaiwili bila kuuliza inazunguka mara ngapi amepata nusu ya jibu.

Ugumu wa mazoezi kwa kawaida huletwa na sumaku. Diski ya alumini inapopita mbele ya sumaku, mikondo ya umeme huzaliwa ndani yake na kupinga mwendo ulioizaa. Léon Foucault alilionyesha jambo hilo mwaka 1855. Hakuna kinachogusana, hivyo hakuna breki ya kulika, na nguvu ya mtumiaji huishia kuwa joto katika diski.

Muundo huu una mipaka yake. Nyayo haziachani na pedali, kwa hiyo mshindo wa kukimbia, ambao huzidi uzito wa mwili mara 2 hadi 3, haupo. Ni nafuu kubwa kwa magoti yenye maumivu, lakini mifupa nayo hukosa mishindo inayoiimarisha. Vidole hukandamizwa muda wote na vinaweza kufa ganzi. Vyuma vikikaa kati ya miguu, nyayo hutengana kupita upana wa nyonga na kiuno huanza kuyumba, kasoro ya kawaida ya mashine za bei nafuu. Na urefu wa hatua umeamuliwa na kranki: mrefu na mfupi wanapewa hatua moja.

Hata hivyo hukumu yangu ni kwamba kazi hii ilifanywa kwa mpangilio sahihi. Kwanza mwendo wa mwanadamu ulichunguzwa, kisha zikatafutwa sehemu chache kuliko zote zinazoweza kuuiga. Wabunifu na mafundi wetu wa vifaa vya mazoezi, na vya tiba ya viungo pia, waige utaratibu huo kabla ya kuiga mashine yenyewe. Na wewe unayekwenda kununua, ipande na uikanyage polepole kabisa. Ikikwama juu au chini, flaiwili yake haitoshi. Kiuno kikiyumba, pedali zimetengana mno. Ikipita majaribio hayo mawili, ndipo ugeukie bei.