Nyimbo za Morogoro Zilivyonusurika, Picha Zetu Zinavyopotea

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mwanamuziki wa dansi wa Morogoro, alifariki Januari 12, 1979, baada ya ajali ya gari Mombasa, akiwa na miaka 34. Aliyemtangulia kuipa Morogoro jina katika muziki wa dansi, Salum Abdallah wa Cuban Marimba, naye aliuawa na ajali ya gari mwaka 1965. Wote wawili waliondoka kabla kompyuta haijaingia sebuleni kwa mtu yeyote mjini hapa. Lakini kaa baa ya Kichangani Jumapili mchana, au subiri basi Msamvu: "Shida" ya Mbaraka itakupitia masikioni kabla soda haijaisha.

Sasa mwombe aliyefunga ndoa mwaka 2016 akuonyeshe picha za siku ile. Mara nyingi utaambiwa zilikuwa kwenye simu ya zamani. Simu ilizima ikagoma kuwaka, au memori kadi haisomi, au flashi aliazimwa shemeji ikarudi tupu. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini wao hawakuwahi kuweka akiba kwenye flashi.

Wimbo wa nusu karne iliyopita upo, picha ya juzi haipo. Tuchambue kilichofanyika huko nyuma, tuone na sisi tunakosea wapi.

Santuri, rili na kaseti

Enzi za bendi za Morogoro Jazz na Cuban Marimba, Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam: mnaingia, mnapiga wimbo mzima kwa mkupuo, unanaswa kwenye mkanda wa rili, na mkanda unabaki maktaba ya redio. Ya pili ni safari ya Kenya, kwenye kampuni za santuri. Mbaraka alipita njia zote mbili, akiwa na Morogoro Jazz na baadaye na Super Volcano, bendi aliyoianzisha mwaka 1973.

Kila chombo kilikuwa na kasoro yake. Santuri ndogo ya inchi 7 inabeba dakika chache tu kila upande, na dansi haikubali kuisha kwa dakika chache. Kwa hiyo nyimbo nyingi zilikatwa sehemu mbili: upande wa kwanza una maneno, wa pili gitaa linaachiwa. Rili ina ugonjwa mwingine. Baadhi ya mikanda ya miaka ya 1970 na 1980 ina gundi inayofyonza unyevu wa hewa. Baada ya miaka inanata, inakwaruza kichwa cha mashine na kuacha ungaunga wa kahawia. Mafundi wa maktaba za sauti huupasha mkanda kama huo joto la nyuzi 50 hivi kwa saa kadhaa ili ucheze kwa muda, wakawahi kuunakili.

Kisha ikaja kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na mambo yakabadilika. Redio kaseti yenye milango miwili ilimfanya mwenye kibanda kuwa kiwanda. Alinunua kanda moja, akatoa mia. Msanii hakuona senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipotungwa mwaka 1999 na kuzaa COSOTA, chombo cha kusimamia haki hizo, uporaji ulikuwa umeshazoeleka. Ila kwa macho ya mtunza kumbukumbu, mwizi huyo huyo alikuwa akisambaza nakala kutoka Mji Mpya hadi Mgeta na Kinole, zikakaa kwenye masanduku ya watu wasiojuana.

Mwishowe wimbo mmoja ukawa na walinzi watatu bila yeyote kupanga. Kampuni ya Nairobi ilikuwa na rekodi zake, ndiyo maana baada ya kifo cha Mbaraka ziliweza kutoka albamu za mfululizo wa "Ukumbusho". Redio ya Dar es Salaam ilikuwa na mikanda yake, ambayo leo ipo Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Na wananchi walikuwa na santuri na kanda zao. Mwaka 2000 lebo ya Dizim ya Ujerumani ilitoa diski ya nyimbo za Salum Abdallah za kati ya 1955 na 1965, miaka 35 baada ya kifo chake. Huenda isingewezekana kama nakala zingekuwa mahali pamoja.

Hakuna aliyenakili kwa ajili ya historia. Kampuni ilitaka kuuza, redio ilitaka kitu cha kurusha, mwenye kibanda alitaka hela ya kula, na msikilizaji alitaka kusikiliza kwake. Zamani hukuweza kuufurahia wimbo nyumbani saa unayotaka bila kumiliki nakala. Kutumia kwenyewe kulizaa nakala. Leo tunatumia bila kuzaa kitu. Unamwonyesha mtu picha kwenye kioo cha simu yako, anacheka, anakurudishia simu. Watu hamsini wameiona picha, nakala imebaki moja.

Kilichopotea bila kufutika

Kabla hatujaifungua hiyo simu, kuna upotevu mwingine wa kimyakimya.

Itazame lebo ya karatasi katikati ya santuri. Ina jina la wimbo, jina la bendi, mtunzi, kampuni na namba ya toleo. Sasa chomeka flashi ya nyimbo za zamani kwenye sabufa, usome kinachopita kwenye kidirisha: "Track 03", au namba ya simu ya kijana wa steshenari aliyeiuza. Nafasi ya kuandika mtunzi na mwaka ipo ndani ya kila faili la MP3, lakini aliyenakili kutoka kaseti hakuwa na muda nayo. Ndiyo maana Cuban Marimba inapigwa ikitangazwa kuwa Morogoro Jazz, na wimbo uliokuwa pande mbili unaishia katikati kwa sababu aliyeuingiza kwenye kompyuta hakugeuza santuri. Wengi hawajui kama gitaa la upande wa pili lipo.

Hata sauti imesogea. Redio kaseti iliyokuwa ikikimbia kwa asilimia sita zaidi ilipandisha wimbo kwa nusu toni nzima. Mpiga gitaa wa leo anayejifunza kwa sikio anaweza kuhangaika na funguo ambayo Mbaraka hakuipiga.

Nafasi si kisingizio. Kadi ya GB 32 yenye nyimbo za ubora wa kawaida wa MP3, takribani MB 1 kwa dakika, inameza zaidi ya saa 500 za muziki. Maneno ya lebo yangeongeza vumbi tu.

Kadi inavyokufa

Memori kadi na flashi hutunza data kwa kufungia elektroni ndani ya seli ndogo mno, teknolojia iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa Toshiba miaka ya 1980. Seli zinachakaa kila zinapoandikwa upya, na kadi ikikaa miaka kabatini bila umeme elektroni huvuja polepole. Joto huharakisha. Kadi ya bei nafuu iliyosahauliwa kwenye dashibodi ya gari, kwa jua la Morogoro la Februari, inazeeka haraka kuliko umri wake.

Lakini kadi nyingi zinazofika kwa fundi hazijafa kwa uzee. Sababu tatu ndizo zinazojirudia.

Ya kwanza ni kukatizwa. Kwenye kadi kuna orodha inayosema kila faili linaanzia wapi. Umeme ukikatika wakati kompyuta ya steshenari inaandika, au mtu akichomoa kabla ya kuondoa kwa utaratibu, orodha inabaki nusunusu. Data ipo, ramani ndiyo imechanika. Simu ikiona hivyo inaomba kufomati, na mwenye simu, kwa kudhani anasaidiwa, anakubali.

Ya pili ni kadi feki. Imeandikwa GB 64, ndani ina GB 8, na chipu yake imefundishwa kudanganya. Ukishavuka GB 8 inaanza kuandika juu ya vya zamani. Majina ya picha yataonekana yote, ukubwa wake utaonekana sawa, ila hazifunguki. Programu za bure kama H2testw na F3 huijaza kadi kisha huisoma upya kuona kama kilichoingia ndicho kilichotoka. Fanya hivyo siku ya kununua, kabla risiti haijapotea.

Ya tatu inawauma wengi. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, baadhi ya simu hukuuliza kama kadi itumike kama hifadhi ya nje au iunganishwe na hifadhi ya ndani. Ukichagua ya ndani, kadi inafungwa kwa ufunguo unaokaa kwenye simu ileile. Simu ikiungua, kadi nzima haina kasoro lakini haifunguki popote duniani.

Fundi anavyookoa

Fundi anayejua kazi haanzi kwa kubofya chochote kwenye kadi. Anaanza kwa kuuliza: umeitumia baada ya picha kupotea? Kila picha mpya iliyopigwa inaweza kuwa imekaa juu ya ile unayoitafuta.

Hatua ya pili ni kunakili kadi nzima, baiti kwa baiti, hadi kwenye diski ya kompyuta. Kama kadi inakwamakwama, programu ya GNU ddrescue inachukua kwanza sehemu zinazosomeka, halafu inarudi kung'ang'ana na zilizobaki. Kuanzia hapo kadi yenyewe inawekwa pembeni, kazi inafanyika kwenye nakala.

Hatua ya tatu ndiyo yenye ufundi. Kufuta faili, au kufomati kwa haraka, mara nyingi hugusa ile orodha tu. PhotoRec, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier, haihangaiki na orodha. Inatembea juu ya data yote ikitafuta saini za mafaili: kila picha ya JPEG huanza kwa baiti FF D8 FF. Ikiikuta inaanza kukusanya mpaka inapoona picha imekwisha. Matokeo ni rundo la picha zisizo na majina wala folda, harusi imechanganyika na stika za WhatsApp, na mwenye mali atakesha akizichambua. Video ni ngumu zaidi, kwa sababu faili kubwa mara nyingi limetawanywa vipande kwenye kadi, na saini ya mwanzo haikuelezi kipande cha pili kiko wapi.

Haya yanahusu kadi na flashi. Hifadhi ya ndani ya simu ya kisasa imefungwa kwa ufunguo wa siri, na ukiirudisha simu kwenye hali ya kiwandani ufunguo unateketezwa. Anayekuahidi kurudisha picha za simu iliyofutwa hivyo, mwombe akuonyeshe moja kabla ya kulipa.

Yapo matumaini ya bure kuliko fundi: jukwaa la familia la WhatsApp. Picha uliyoirusha mwaka ule inaweza kuwa bado kwenye simu ya shangazi huko Matombo. Imebanwa, imepungua ubora, lakini ipo, kwa sababu kurusha kulimpa shangazi nakala. Ni ile njia ya kaseti, imefufuka bila sisi kuitambua.

Mtandaoni nako si mbinguni

Wengi husema: mimi zangu ziko Google. Sawa, lakini hifadhi ya picha bila kikomo ilifungwa Juni 1, 2021. Sasa ni GB 15 za bure, zikijaa picha mpya hazipandi, na kwa anayehesabu bando hata hizo hupanda kwa kusuasua. Tangu Desemba 2023 akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa. Na mlango wenyewe mara nyingi unafunguliwa kwa namba ya simu. Laini zilizokosa usajili wa alama za vidole zilianza kuzimwa nchini Januari 20, 2020. Aliyeipoteza namba yake akiwa pia amesahau nywila alikosa pa kupokelea msimbo wa kuingilia. Picha ziko salama kabisa, mwenyewe ndiye hawezi kuzifikia.

Wapigapicha wa kulipwa wana kanuni iliyoenezwa na Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani. Nyimbo za Mbaraka ziliitimiza bila kuisikia: santuri, rili na kaseti; Nairobi, Dar es Salaam na majumbani. Sisi tunaweza kuitimiza kwa diski ya kompyuta, flashi iliyojaribiwa na akaunti moja ya mtandaoni, mradi mafaili yawe na majina ya watu, mahali na mwaka, na kila baada ya miaka michache yahamishiwe chombo kipya.

Mahali pa kuanzia tunapo tayari. Kamati ya harusi ya Morogoro ina mjumbe wa chakula, wa mapambo, wa usafiri na wa kumfuatilia MC. Bajeti ina mstari wa mpiga picha, na unalipwa. Iongezwe kazi moja: mjumbe wa nakala. Ndani ya wiki ya harusi achukue mafaili halisi kwa mpiga picha, ayafungue kuona yanasoma, ayape majina, kisha awagawie wazazi wa pande zote mbili flashi moja moja, mmoja akiwa anaishi mji mwingine. Gharama yake haifiki ya kreti chache za soda, na kamati isivunjwe mpaka mjumbe huyo ametoa taarifa.