Makaroni ya Kima kwa Akili ya Pilau

Saa kumi na mbili kamili jioni wifi yangu alivua baibui, akalitundika nyuma ya mlango wa jikoni na kuwasha jiko la gesi. Ndipo akaniuliza habari za safari. Mimi nilikuwa nimeingia Mombasa mchana huo kutoka Nairobi, yeye ametoka kazini, na watoto wake watatu walikuwa mezani na madaftari yao, yule wa mwisho ameshaanza kusinzia juu ya hesabu za kutoa. Nikauliza nisaidie nini. "Kaa hapo, wifi, unipe hadithi," akasema, akinisogezea mbuzi ya nazi niikalie. Adhana ya Magharibi ilipotoka msikiti wa mtaa, chakula kilikuwa kimeshaepuliwa, na hadithi sikuwa nimetoa hata moja. Nilikuwa natazama mikono yake.

Alipika makaroni ya kima, katika sufuria moja, tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna anayekitaja chakula hiki akisifu mapishi ya Mombasa. Mgeni huandaliwa pilau, biriani, wali wa nazi na samaki wa kupaka. Makaroni ni chakula cha Jumanne, cha watoto wenye njaa na mama aliyechoka. (Kima, kwa msomaji wa bara anayeanza kushtuka, ni nyama ya kusaga. Neno lilitufikia kutoka Bara Hindi, na halina undugu wowote na yule mnyama wa mtini. Kila harusi ina mgeni mmoja anayeuliza jambo hili kwa sauti ndogo, sambusa ikiwa mkononi.)

Kima yake huinunua bucha la karibu na kazini, nusu kilo, wala hanunui iliyokwisha kusagwa. Huchagua kipande cha bega chenye mafuta kidogo na kukitazama kikipita kwenye mashine mara moja tu, ili chembe zibaki kubwa. Akifika nyumbani haioshi. Najua hapa nitagombana na nusu ya wasomaji, maana tumelelewa kuamini kwamba nyama isiyooshwa ni najisi jikoni. Hoja yake ni fupi: maji ya kuoshea yatajificha ndani ya kima, na sufuria itapoteza dakika tano kuyatoa. Usafi anauachia moto, na kwa hilo namuunga mkono. Mashine huchanganya nje ya nyama na ndani yake, kwa hiyo kima ni lazima iive yote, isibaki hata punje nyekundu, iwe imeoshwa au haikuoshwa.

Sufuria ni pana, fupi, yenye kitako kizito. Aliiacha ipate moto ikiwa tupu, akatia vijiko viwili vya mafuta, akaitandaza kima kama anayetandika mkeka, kisha akaweka mwiko chini. Sisi wengine tukishatia nyama tunaanza kuivuruga papo hapo, kana kwamba itatoroka. Yeye alikata vitunguu. Sufuria ikatoa mlio mzito wa kuchemka, mvuke ukapanda, nyama ikawa ya kijivu, haina sura. Hakuigusa. Alimaliza vitunguu viwili, akatwanga thomu na tangawizi kwenye kinu kidogo, akamwambia mtoto wa katikati kwamba saba mara nane haijawahi kuwa hamsini na nne, na muda wote huo sikio lake lilikuwa kwenye sufuria. Baada ya kama dakika sita mlio ulibadilika. Ule mzito ukafifia, ukaja mwingine mkavu, wa kutatarika, na harufu nayo ikageuka ikawa ya nyama choma. "Sasa," akasema, akauchukua mwiko.

Nyama ina maji mengi kuliko inavyoonekana. Yakitoka huchemka kwa nyuzi 100, na mpaka yaishe hayaiachi nyama ipande zaidi ya hapo. Rangi ya kahawia na ile harufu ya kuchomwa huja kwa kasi joto la juu ya nyama likikaribia nyuzi 140, pale chembe za protini na sukari zinapoungana. Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza jambo hilo mwaka 1912, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Wifi hamjui Maillard. Anajua kwamba mlio mzito ni wa maji na mlio mkavu ni wa mafuta, na kwamba kabla ya huo wa pili mwiko hauna kazi. Ndiyo maana sufuria ni pana: mvuke upate njia ya kuondoka. Katika sufuria nyembamba na ndefu kima ile ile huchemka katika maji yake mwenyewe mpaka ukate tamaa.

Chini kulikuwa kumeganda utando wa kahawia ambao mimi, kwa mazoea yangu, ningeuita kuungua. Wifi aliutazama kama mtoto anavyoutazama ukoko wa wali. Akatia vitunguu, na maji yao yakaanza kuulegeza. Zikafuata thomu na tangawizi, kijiko cha bizari ya pilau, pilipili manga, na mdalasini wa kunusia tu. Kisha kijiko kikubwa cha tomato ya mkebe, nacho akakikaanga ndani ya mafuta hadi kikaacha ule wekundu wa mkebe na kuwa na rangi ya tofali. Anayeitia tomato hiyo pamoja na maji hulalamika baadaye kwamba mchuzi una ukali mbichi, naye hakuipa hata dakika mbili za mafuta. Mwisho zikaja tungule nne zilizokunwa, na hapo mwiko ukafanya kazi yake kubwa ya siku: kukwangua kitako cha sufuria, pembe kwa pembe, hadi utando wote ukaingia mchuzini.

Nikatafuta kwa macho sufuria ya pili na chujio. Hazikuwepo. Akafungua paketi ya makaroni ya gramu 400 na kuyamimina makavu juu ya mchuzi.

"Huyachemshi kwanza?"

"Kwani pilau unachemsha mchele kwanza, wifi?"

Nimelibeba swali hilo kwa miezi. Mpishi wa Pwani anazijua njia mbili za kuikutanisha nafaka na nyama. Katika biriani wali huchemshwa peke yake kwa maji mengi na kuchujwa, rojo ikapikwa kando, kila kimoja na sufuria yake. Katika pilau mchele mkavu huingia ndani ya supu ya nyama na kuinywa yote, na hakuna kinachomwagwa. Maandishi ya nyuma ya paketi ya makaroni yanatufundisha biriani, nasi tumeyatii miaka yote bila kujiuliza. Wifi aliyasoma, akaona kwamba jambo hilo analijua kwa njia nyingine iliyo fupi zaidi.

Njia ya pilau ina malipo yake. Makaroni hutengenezwa kwa unga wa ngano ngumu, na yakichemka huachia wanga majini. Ukichuja, wanga huo huteremka na maji kwenye sinki. Ukiyanywesha, hubaki, ukaufanya mchuzi uwe mzito na kung'ang'ania kila kipande, bila malai wala unga wa kuongezea. Waitalia wanaijua thamani yake, ndiyo maana kabla ya kuchuja huchota kikombe cha maji yale na kukirudisha kwenye mchuzi. Lakini njia hii ina adhabu pia. Anayechuja anaweza kutia maji apendavyo. Anayenywesha akikosea kikombe kimoja amepika uji. Chumvi nayo ni hivyo hivyo: ile ya kuchemshia huenda zake na maji, hii yote italiwa. Wifi alitia kijiko kimoja cha chai na kuonja kabla ya kufikiria cha pili.

Birika la umeme lilikuwa limeshachemka, maana aliliwasha alipokuwa anakata kitunguu. Alimimina vikombe vitatu vya robo lita, na maji yakafika usawa wa makaroni bila kuyazamisha. Dakika mbili za kwanza hakuacha kukoroga, kwa sababu wanga wa juu ukianza kulainika huyagandisha makaroni kama ndugu wasiotaka kuachana. Kisha akafunika, akapunguza moto, na kufunua mara tatu tu: kukoroga, kusikiliza, kuonja. Paketi ilisema dakika nane. Ndani ya rojo ya tungule, nzito na yenye uchachu, zilikwenda kumi na mbili. Wala hakutazama saa. Alikuwa akikata kipande kwa jino na kukitazama katikati, palipo na nukta nyeupe ya unga ambao haujanywa. Nukta ilipokuwa kubwa aliongeza maji, nusu kikombe, ya moto. Ilipobaki kama kichwa cha pini, akaepua na kufunika.

Adhana ikatoka. Akaenda kutia udhu na kuswali.

Hili ndilo lililonistaajabisha kuliko yote, na nilichelewa kulielewa. Nilidhani ni bahati tu kwamba chakula kimekamilika kabla ya swala. Kumbe mapishi yalikuwa yamepimwa yaishie hapo. Makaroni yaliyofunikwa nje ya moto huendelea kunywa, ile nukta ya mwisho hutoweka, na mchuzi uliokuwa mwepesi hushikana. Dakika saba za kupumzika zinahitajika. Mtu asiye na la kufanya atafunua na kuharibu. Yeye anakuwa juu ya msala.

Kutia bizari kwenye makaroni alifundishwa na jirani yake Msomali, na jambo hilo lina asili yake. Italia ilitawala kusini mwa Somalia hadi 1941, ikarudi kama mdhamini chini ya Umoja wa Mataifa kuanzia 1950 hadi 1960, na Wasomali wakaichukua pasta wakaiita baasto, wakaipika kwa bizari zao na kuila na ndizi mbivu pembeni. Huko Italia kwenyewe, mji wa Bari una spaghetti all'assassina: tambi mbichi hupikwa kwenye kikaango cha chuma kwa kunyweshwa supu ya tungule upawa kwa upawa, mpaka zishike chini na kuungua kidogo kwa makusudi. Watu wa Bari, kwa ufupi, wanapenda ukoko. Na Marekani mwaka 1971 kampuni ya General Mills ilianza kuuza Hamburger Helper, boksi la makaroni makavu na viungo vya unga la kupikwa na nyama ya kusaga katika kikaango kimoja, wakati bei ya nyama ilikuwa juu. Boksi hilo lina wazo lile lile la wifi. Masikio yake halina.

Aliporudi alikamulia ndimu nusu, akanyunyiza dania, akapakua. Mtoto wa mwisho aliamka. Chini ya sufuria palikuwa na ukoko mwembamba wa makaroni, na ukoko huo haukugawiwa mtu. Wifi aliukwangua akiwa amesimama, akaula peke yake kwa mkono, akitazama ukutani. Nikaona ndio mshahara wake.

Niliporudi Nairobi nilipika vile vile: nusu kilo ya bega iliyosagwa mara moja, sufuria pana, masikio wazi. Kima ilitatarika kwa wakati wake. Mchuzi ulikuwa na rangi ya tofali. Lakini makaroni yaligoma. Dakika kumi na mbili zilipita, nukta nyeupe ikanikodolea jicho, na maji yalikuwa yamekwisha. Niliongeza maji baridi, tena mengi, na tukala kitu kilichokuwa kigumu ndani na chelema nje. Mume wangu alikula bila kusema neno, na huo ukawa ukosoaji tosha.

Nikampigia wifi simu. "Maji ya huko kwenu hayachemki," akaniambia. "Yanajifanya tu."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mombasa iko usawa wa bahari, na maji yake huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi iko juu ya meta 1,700 hivi, ambako hewa ni nyepesi na maji huanza kutokota kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo. Yatatoa mapovu na mvuke, lakini hayatapata moto zaidi ya huo hata ukiwasha majiko mawili. Basi ukipika makaroni haya ukiwa Nairobi, Nakuru au Eldoret, ongeza nusu kikombe cha maji ya moto na dakika nne au tano, na ukishaepua usifunue mpaka yapumzike.