Mstari wa makapeni kwenye ndoo

"Kamwene," mwalimu anawasalimu kidato cha kwanza, kisha ananyamaza. Mezani kuna ndoo ya plastiki angavu yenye maji nusu. Nje, mto Ruaha Mdogo unapita Kalenga kama siku zote.

Ameshika mzani wa springi wenye jiwe. Hewani unasoma niutoni 5.2, jiwe likizama, 3.2. "Mbili zimekwenda wapi?" Wengi wetu walimu tungekwisha kuandika kanuni ya Archimedes ubaoni tukaendelea. Yeye anaipandisha ndoo juu ya mzani wa dukani na kurudia polepole. Jiwe linapopungukiwa uzito, ndoo inaongezeka gramu 200. Kilichotoka huku kimeingia kule.

Ila ufundi wake niliuona zaidi kwenye mpira. Anamwita binti wa mbele aukandamize majini mpaka chini. Akiuachia, unachomoka na kumlowesha shati, darasa linaangua kicheko.

"Mpira umeipata wapi nguvu ya kuruka?"

"Kwa maji, mwalimu."

"Maji nayo yamepewa na nani?"

Kimya. Mwalimu hakijazi. Amesimama mikono nyuma, anatazama dirishani, nami nikatamani nimsaidie kujibu. Kisha anachukua makapeni, anachora mstari kwenye usawa wa maji. "Kandamiza tena." Mpira ukishuka, maji yanauvuka mstari.

Kijana wa nyuma anainuka kabla ya kuitwa: "Ni mkono wake! Ameshusha mpira, amepandisha maji!"

Naam. Mpira ukiachiwa, maji yanashuka kujaza nafasi yake, na kila yanaposhuka yanalipa kazi ya ule mkono. Nimesoma fizikia miaka mingi, lakini sikuwahi kuiona ndoo kama bwawa. Maana ndivyo lilivyo bwawa la Mtera: maji yaliyoinuliwa, yakisubiri kuachiwa. Huu Ruaha Mdogo unaingia Ruaha Mkuu, unafika Mtera, na huko chini Kidatu mitambo ya umeme ya megawati 204 inasubiri. Lita moja ikishuka mita moja hutoa takriban jouli 10 tu. Ndiyo sababu mto unahitajika, si ndoo. Aliyeupandisha mto milimani ni jua.

Binti mwenye shati lililolowa hajaridhika. Mpira umetulia juu ya maji, haurukiruki tena. "Na sasa ile nguvu imekwenda wapi, mwalimu?"

Anatumbukiza kidole majini, anakitoa, anautazama uso wa binti. "Maji yamepata joto. Ila kidole changu hakiwezi kulijua. Kesho tutalitafuta."