Kutenga Si Kugawa

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza vinavyowasumbua wafasiri wetu, "allocate" kimo mstari wa mbele. Kitenzi hicho kimejaa katika sheria, katika makadirio ya bajeti, katika barua za wizara na katika taarifa za miradi. Aghalabu mfasiri akikutana nacho hushika neno lililo karibu, ama "gawa" ama "tenga", akaendelea na kazi yake. Katika makala haya tumekusudia kuonyesha kwamba maneno hayo mawili si visawe. Kuyabadilishana ovyo si kosa la ufasaha tu. Huweza kumpa mwananchi ahadi ambayo hakuahidiwa, au kumficha haki aliyo nayo.

Tuanzie mahali ambapo lugha haingojei kamusi. Matamba, wilayani Makete katika mkoa wa Njombe, ni nchi ya viazi. Nyumbani wengi husema Kiwanji au Kikinga, lakini sokoni, shuleni na katika mikutano ya kijiji Kiswahili ndicho kitumikacho. Mkulima amalizapo kuvuna huchambua viazi vyake: vya kuuza, vya kula na vya mbegu. Vile vya mbegu "amevitenga". Hapo hajampa mtu kitu. Ameweka mpaka, ili hata watu wa nyumba yake, njaa ikiwabana, wasiviguse. Muuzaji sokoni hupanga viazi mafungu mafungu. Huyo "amevigawanya", kwa kuwa kilichokuwa kizima sasa ni sehemu, ingawa hakuna aliyekwisha kupokea hata kimoja. Mwenye mbegu nyingi akiwapa jirani zake waliopungukiwa, "amewagawia". Na ndugu waliolima shamba moja wakikaa pamoja kuamua nani achukue kiasi gani, hao "wamegawana". Hivyo ni vitendo vinne, na msemaji wa kawaida hahitaji mwalimu wa kumweleza tofauti zake.

Vitatu kati ya hivyo vyatoka katika mzizi mmoja, na viambishi ndivyo vinavyofanya kazi. Umbo la "gawanya" hutazama kitu kinachokatwa. Umbo la "gawia" humtazama anayepokea. Umbo la "gawana" hutuambia kwamba wanaopokea ndio hao hao wanaoamua. Tunakiri kwamba katika mazungumzo wengi husema "gawanya" hata pale wanapokusudia kuwapa watu, wala hatumlaumu msemaji kwa hilo. Lakini mwandishi wa hati ya serikali hana uhuru wa msemaji, kwa sababu msomaji wake hawezi kumwuliza swali.

Ama kitenzi "tenga", hicho ni cha ukoo mwingine. Maana yake ya asili ni kuweka kando. Mtu hutengwa na wenzake. Muumini hutengwa na kanisa. Na wahenga walisema kwamba umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Watu wa Matamba wana mfano mkubwa karibu yao. Njia ya kupandia Kitulo kutoka Chimala hupita hapo, na mwaka 2005 uwanda wa Kitulo ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Ardhi ile ilitengwa. Hatudhani kwamba yuko mkulima aliyeelewa kwamba amegawiwa eka zake huko juu. Kwa hiyo kitu kilichotengwa kimeondolewa katika mgawo, na kitu kilichogawiwa kimeingia mkononi mwa mtu. Kiingereza huweza kuvibeba vitendo vyote viwili kwa kitenzi kimoja, Kiswahili hakikubali.

Tazama sasa yanayotokea tukilisahau hilo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, huitambua ardhi ya kijiji kwa aina tatu: ile ya matumizi ya pamoja, ile inayokaliwa au kutumiwa na mtu, familia au kikundi, na ile inayoweza kupatikana kwa matumizi hayo siku za baadaye. Sheria hiyo hiyo huikataza halmashauri ya kijiji kumpa mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Tuseme basi kwamba tangazo limebandikwa ubaoni likisema: "Eneo la bondeni limetengwa kwa vijana." Je, vijana waende na majembe? Au eneo limewekwa akiba, na kila kijana bado hana budi kuomba? Na iwapo imeandikwa tu kwamba eneo "limegawiwa", ni nani aliyeligawa, halmashauri au mkutano mkuu? Neno moja lisilopimwa latosha kuzaa kesi katika baraza la ardhi.

Katika fedha hatari ni ile ile, ila imegeuzwa. Lugha ya bajeti hapa nchini imekwisha kutofautisha fedha zilizotengwa, zilizotolewa na zilizopokelewa, na tunaisifu kwa hilo. Fedha zilizotengwa zi katika maandishi chini ya fungu na kasma yake. Huenda zikaja zote, huenda zikaja nusu, huenda zisije. Lakini mara nyingi habari hiyo ikifika kijijini huwa imebadilika: "Kijiji kimegawiwa shilingi milioni kadhaa za zahanati." Wananchi wakiona msingi haujachimbwa, humwuliza mwenyekiti na mtendaji wao fedha zimekwenda wapi. Mtu mwaminifu huitwa mwizi wa fedha ambazo hazikupata kufika, na kosa ni la aliyeandika "gawiwa" mahali pa "tengewa".

Wako watakaosema kwamba muktadha hutosha, na kwamba watu wataelewa tu. Sisi twaona kwamba watu huelewa kwa yale yanayowapata. Neno "mgawo" lilikuwa neno la kupata. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika, kuuziwa sukari kwa mgawo kukawa dalili ya upungufu. Baadaye ukaja "mgao wa umeme", ambao wengi wanaukumbuka kwa ukame wa mwaka 2006. Na mtu akisema "leo kwetu ni mgao" ana maana kwamba yu gizani. Neno la kupewa limegeuka kuwa neno la kukosa. Wananchi hawakuliharibu, walilisahihisha lifanane na mambo yalivyo. Tukiendelea kuandika "imegawiwa" pale ambapo hakuna aliyepokea, kitenzi hicho nacho kitapoteza imani ya watu.

Kwa hiyo twapendekeza wafasiri wajiulize maswali matatu kabla ya kuandika. Je, kitu kimewekwa kando tu? Hapo pafaa "tenga", au "tengea" ikiwa anayekusudiwa anajulikana. Je, kimekwisha kumfikia mtu? Hapo pafaa "gawa" au "gawia", na mpokeaji atajwe. Je, wahusika wenyewe ndio walioamua? Hapo "gawana" ndilo neno, wala halina mbadala. Mwanafunzi au mtumishi hagawiwi shule wala kituo cha kazi, hupangiwa. Mbolea na vitabu vinavyopelekwa mahali pengi husambazwa kwanza, ndipo vikagawiwa watu, maarifa huenezwa, na umati hutawanywa. Walimu nao waweza kuwapa wanafunzi zoezi la kutunga sentensi kwa vitenzi hivi, na kila sentensi imtaje anayetoa na anayepokea.

Mwaka 2021 Bunge lilifanya mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi, na kazi ya kufasiri sheria ni kubwa. Yapo maneno mengi magumu yatakayoundiwa istilahi mpya. Hili halihitaji istilahi mpya. Lahitaji mfasiri akumbuke kwamba mkulima aliyetenga mbegu yake hajamgawia mtu.